Mtoto Aliyeitwa Maitu

Sogeza kiti karibu na dirisha, wewe unayeniuliza kila mara jinsi ya kuanza kulea watoto wa watu nyumbani. Jibu langu ni refu kidogo, na halianzi na magodoro wala poti. Linaanza na harufu. Nikipita mahali ambapo nailoni nzito ya kufunikia godoro imeanikwa juani, ikishapata moto na kuanza kutoa ule mchanganyiko wake wa mafuta ya mtoto na uji uliokauka, mimi husimama. Ghafla nina miaka tisa tena, niko Mugutha, na kuna mtoto ambaye hayuko mahali anapopaswa kuwa.

Tuliishi kwenye ploti ya nyumba za mawe zilizopangwa kuzunguka uwanja mdogo wenye bomba moja la maji katikati. Mama alikuwa ameacha kazi ya kukata maua kwenye shamba moja kubwa upande wa Thika, kwa sababu dawa za kupulizia maua zilimtoa vipele mikononi hadi akawa hawezi kukanda unga. Kwa hiyo alikuwa nyumbani, na asubuhi aliyaona mambo ambayo zamani hakuwa na nafasi ya kuyaona. Aliona wanawake wenye watoto mgongoni wakigonga mlango mmoja hadi mwingine, wakiuliza kwa sauti ya chini nani atashinda nyumbani leo. Aliona mtoto akiachiwa dada yake, ambaye yeye mwenyewe alipaswa kuwa shuleni. Siku moja mmoja wa wanawake hao aligonga kwetu. Mama akampokea mtoto, akasema ni kwa wiki moja tu. Wiki ilipoisha watoto walikuwa wamejaa sebuleni.

Nakueleza polepole jinsi alivyopanga, maana nami hupanga hivyo hivyo hadi leo. Kwanza alitoa viti. Sofa zetu zilikwenda nje chini ya mabati ya veranda, vitambaa vyake vya kufuma vikiwa bado mgongoni kama vile wageni wangekuja kuketi huko. Baba, aliyekuwa akichonga mawe machimboni Juja, alirudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi, akazunguka sebule nzima akitafuta pa kukaa, mwisho akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza kama yeye pia atapewa kikombe chenye alama. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake chenye uzi wa rangi yake kwenye mkono. Jiko lilihamishiwa nyuma ya mlango wa pili. Geti la mabati likatiwa komeo upande wa ndani, juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mama alifikiria moto, maji, ngazi, punje za mahindi zinazoingia puani. Alifikiria kila kitu kinachoweza kumdhuru mtoto, isipokuwa mtu mwenye adabu.

Kati ya watoto hao alikuwapo Wambui. Alikuwa bado anatembea kwa kuyumba, mikono juu, kama mtu anayevuka mto. Mama yake alikuwa msichana mdogo, mkimya, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika matunda huko Thika. Aliondoka kabla ya wengine na kurudi baada ya wengine, nguo zikinuka nanasi. Aliishi peke yake na mtoto wake kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Mama hakuwahi kumwuliza kwa nini. Aliona kumwuliza mwanamke mahali alipo mume wake ni kumvua nguo hadharani, naye Mama Wambui hakusema. Hivyo wanawake wawili waliheshimiana kwa kunyamaza, na kila mmoja alidhani amefanya vizuri.

Ijumaa moja mchana, watoto wengine wakiwa wamelala, mwanaume aligonga geti. Mimi nilikuwa nimefunga shule, nikawa nakunja nepi. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Alivua kofia. Alimsalimu mama vizuri, akaulizia afya ya nyumba, akakubali kiti, akakubali chai, akainywa yote. Kisha Wambui akaamka na kutokea mlangoni akisugua macho, na yule mwanaume akachuchumaa chini, akanyoosha mikono.

"Maitu," alimwita. "Kuja, Maitu. Kuja twende nyumbani."

Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia, na kama wewe si wa kwetu lazima nikufafanulie. Sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Akishapewa, wana wa nyanya huyo mara nyingi hawamwiti kwa jina. Humwita Maitu, yaani mama yangu. Utamkuta mwanaume mzima mwenye ndevu akimbembeleza mtoto wa juzi na kumwita mama yake, na hakuna anayecheka. Kwa hiyo mama aliposikia neno lile hakuhitaji kuambiwa kitu kingine. Huyu alikuwa mtoto wa yule nyanya ambaye Wambui alichukua jina lake. Alikuwa ndugu wa baba yake. Kumwuliza zaidi, baada ya neno hilo na baada ya chai, kungekuwa kama kumwambia anadanganya kuhusu mama yake mzazi.

Naye Wambui alimnyooshea mikono. Mama alilichukua hilo kuwa ushahidi wa pili. Leo mimi ningemwambia kwamba mtoto wa umri ule humnyooshea mikono hata muuza makaa.

Mwanaume alisema shosho, yaani nyanya yake, ana hamu sana ya kumwona mtoto, na kwamba Mama Wambui anajua. Mama akapanga nepi kwenye mfuko. Akamimina uji uliobaki kwenye themosi ndogo ili mtoto asilie njiani. Akafungua komeo kwa mkono wake mwenyewe, na akawapungia.

Hawakuwa wamefika mbali alipoanza kufagia mahali palipokuwa safi. Alifagia, akasimama, akafagia tena palepale. Kisha akachukua simu na kumpigia Mama Wambui. Haikushikwa. Kiwandani kwao simu ziliachwa kwa walinzi getini, na hilo mama alilijua vizuri, lakini alipiga tena na tena. Akaniuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, kama nilikuwa nimemwona mtu yule siku nyingine yoyote. Nikasema sijamwona. Mama wengine walikuja mmoja mmoja kuchukua watoto wao, naye akawakabidhi huku akiwatazama usoni kama anawaona kwa mara ya kwanza. Sebule ikabaki tupu. Kikombe cha Wambui chenye uzi wa kijani kilikuwa peke yake kwenye sinia.

Mama Wambui alipoingia getini aliinama kufungua leso ya kubebea, kama kawaida yake, akaongea bila kuinua kichwa.

"Leo amekula?"

"Amechukuliwa na baba yake mdogo," mama alisema.

Mikono ya Mama Wambui ikaacha leso. "Baba mdogo gani?"

"Yule alimwita Maitu."

Nilitarajia apige kelele. Hakupiga. Aliketi kwenye sofa ya nje, juu ya vile vitambaa vya kufuma, na uso wake ukawa na rangi ya majivu. Alisema kwamba aliondoka kwa wakwe zake, Murera, na nguo alizovaa tu. Siku hiyo walimwambia anaweza kwenda popote apendapo, lakini mtoto mwenye jina la nyumba hatatoka kwenye nyumba. Alitoka asubuhi na mapema watu wakikamua ng'ombe. Tangu hapo hakumwambia mtu yeyote mahali anapoishi, na kumbe walikuwa wanamtafuta.

"Mama Njeri," alisema, akimwita mama kwa jina langu, "wakishafunga geti lao, mimi sina mtoto."

Mama hakujitetea. Nakumbuka hilo kwa sababu mimi nilikuwa tayari kumtetea. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, kuhusu kofia na chai na heshima. Yeye alichukua sweta yake, akafunga mlango, akanishika mkono kwa kuwa baba hakuwa amerudi, akasema tunaenda Murera. Kama Mama Wambui anataka kupitia polisi kwanza, alisema, yeye atatangulia mbele na kusema ni yeye aliyemtoa mtoto. Mama Wambui akasema twende tu, kabla hawajampeleka kwa ndugu zao wa mbali.

Tulivuka barabara kuu ya Thika kwa daraja la miguu, magari yakinguruma chini yetu, na upande wa pili tukachukua bodaboda mbili. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu. Tulipita ploti zilizozungushiwa waya ambazo bado zilikuwa na migomba ndani, na nyumba mpya zisizo na madirisha. Nilikuwa nimebanwa kati ya dereva na mama, na kupitia mgongo wangu nilisikia moyo wake. Ulikuwa ukipiga kama mtu anayekimbia, ingawa yeye alikuwa ametulia kabisa.

Yule mwanaume alitukuta getini. Koti la Jumapili alikuwa amelivua. Alitukaribisha kwa maneno lakini mwili wake ulibaki katikati ya njia, akatuambia mtoto amelala, turudi siku nyingine. Wakati huohuo kicheko cha Wambui kikatoka jikoni, kile kicheko chake cha kukwaruza kilichoishia na kwikwi.

"Nimesikia," mama alisema. "Wacha aendelee kulala hivyo hivyo akicheka. Sisi tutamwangalia tu."

Mama akapita kando yake.

Jikoni kulikuwa na moshi na mwanga mwekundu. Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwanamke mkubwa wa mwili, kitambaa kichwani, na Wambui alikuwa mapajani pake akila nduma iliyochemshwa, akiwa amejipaka hadi masikioni. Mtoto alituona, akatabasamu, akaendelea kula. Mama Wambui alisimama nje ya mlango. Hakuthubutu kuingia kwenye jiko alilolikimbia, na shosho hakumtazama. Alimtazama mama yangu.

"Huyu ni mimi," shosho alisema, akigusa kichwa cha mtoto. "Sasa ni nani ananitoa kwangu?"

Mama aliketi sakafuni, pale pale penye majivu, ili macho yake yawe chini ya yale ya shosho.

"Shosho, sikuja kubishana mtoto ni wa nani. Hiyo ni yenu, na mimi si wa hapa. Asubuhi huyu mama aliniwekea mtoto mkononi, akaenda kazi. Mimi nikamtoa kwa mtu bila kumwuliza. Nimekuja kumchukua nimrudishe kwa mkono ule ulionipa. Kesho mkitaka kuketi muongee na yeye, hata mimi nitakuja niketi. Lakini leo bado ni zamu yangu."

"Na tukikataa?" mwanaume aliuliza kutoka mlangoni.

"Nitakaa hapa. Nikirudi Mugutha bila yeye, ni nani ataniachia wake?"

Ukuni ulipasuka motoni. Nilikuwa nimejibana karibu na mlango, mgongo wangu ukigusa mguu wa Mama Wambui. Nje, giza lilikuwa linaanza kushuka juu ya migomba. Niliwaza kwamba geti likifungwa sasa, sote tutalala humo.

Kisha Wambui akatulia, akakunja uso kwa mawazo mazito, na sketi ya shosho ikaanza kulowa.

"Maitu amekukojolea," mwanaume akamwambia mama yake, na nusura acheke.

Shosho alitazama huku na huku. Mama akaonyesha kwa kidevu. Mfuko alioupanga mwenyewe mchana ulikuwa pale kando ya debe la maji, haujafunguliwa. Akaomba mtoto kidogo, kwa ajili ya nepi tu. Shosho alisita, kisha akamlegeza. Mama akamlaza Wambui mapajani, akamfuta, akamfunga nepi safi kwa yale mafundo yake mawili ya haraka ambayo nilikuwa nimeyaona asubuhi zote, akampaka mafuta kidogo kwenye mapaja. Ilichukua muda mfupi sana. Halafu akawa amemshika mtoto, na mlango ulikuwa wazi, na mwanaume alikuwa amesogea pembeni.

Nilimwomba moyoni mwangu akimbie. Niliomba kwa nguvu zote. Nilihesabu hatua za kufika getini kwa macho. Hata Mama Wambui alikuwa amenyoosha mikono.

Mama hakukimbia. Alimwinua Wambui na kumrudisha mapajani pa shosho.

Sauti aliyoitoa Mama Wambui sijaisahau. Haikuwa kilio, ilikuwa ni pumzi inayokatika.

"Sasa nipe wewe mwenyewe," mama akamwambia shosho. "Sitaki kumwiba."

Shosho alikagua nepi. Alivuta fundo moja, halikulegea. Alimpangusa mtoto nduma masikioni kwa ncha ya kitambaa chake. Akasema, bila kumwangalia mtu yeyote, kwamba angetaka kumwona hata siku za Jumapili. Kutoka nje, kwa sauti ambayo karibu isisikike, Mama Wambui akajibu kwamba Jumapili ni sawa, kama atakuja yeye shosho na si kutuma mtu. Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemezana.

"Mchukue," shosho alimwambia mama yangu. "Wewe. Ndiye nakupa."

Mama alimpokea kwa mikono miwili. Alimbeba hadi nje ya geti, tukavuka hadi upande wa pili wa njia, ndipo akamweka mikononi mwa mama yake. Mama Wambui hakusema asante. Alimfunga mgongoni kwa leso, akavuta fundo mpaka vidole vyake vikawa vyeupe, akatutangulia gizani kutafuta bodaboda.

Ploti ilikuwa na midomo. Jumamosi, jirani yetu mmoja aliyekuwa akifua bombani alisema kwa sauti ya kusikika pote kwamba ile si daycare, ni stage ya matatu, mtu yeyote anafika na kupakia abiria wake. Wanawake walicheka, na baadhi yao walikuwa ni wale tuliowalelea watoto wao. Jumatatu asubuhi sebule ilikuwa kubwa. Mama alipika uji wa kawaida, nao ukaanza kupoa na kushika ngozi juu. Tulikuwa tumeketi tukiusikiliza mlango ambao haukugongwa.

Mgongaji wa kwanza alikuwa Mama Wambui.

Nilifurahi hadi nikaruka. Nikamnong'oneza mama kwamba amemsamehe. Mama alitikisa kichwa. "Hajanisamehe," alisema. "Hana pengine pa kumwacha." Kisha akaenda getini, lakini hakunyoosha mikono. Alisimama upande wa ndani, akauliza waziwazi, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji, ni nani mwingine anayeruhusiwa kumchukua mtoto huyu. Mama Wambui akashangaa kidogo. Akasema hakuna, ni yeye peke yake. "Basi ni wewe peke yako," mama akasema, na ndipo akampokea. Tangu asubuhi hiyo kila mzazi aliulizwa swali hilo, akitaka asitake, na yule jirani wa bombani alipoleta mjukuu wake miezi kadhaa baadaye, yeye naye aliulizwa.

Kwa miaka mingi nilimwona mama kuwa mwoga jioni ile ya Murera. Niliona alikuwa na mtoto mikononi na mlango wazi, akashindwa kukimbia. Sikumwambia, lakini niliona hivyo. Nimekuja kuelewa nilipoanza kupokea watoto wa watu mimi mwenyewe, hapa Ruiru. Mtoto aliyenyakuliwa hufuatwa. Kama mama angekimbia, tungefika barabarani na mwanaume yule nyuma yetu, na Mama Wambui angehama tena chumba, na tena, akitazama nyuma kila jioni. Shosho alipomtoa kwa mkono wake, hakuna aliyekuja tena kumtafuta. Jumapili alikuja yeye, akichechemea, na mfuko wa nduma, akaketi nje ya chumba cha nyuma ya kanisa hadi alipoambiwa aingie.

Nimeelewa na jambo jingine, ambalo ni gumu zaidi. Wengi watakaokuletea watoto hawatakuletea kwa sababu wanakuamini. Watakuletea kwa sababu kengele ya kiwanda haiwasubiri. Imani itakuja baadaye, au isije. Usingoje ije ndipo uwe mwangalifu.

Kwa hiyo anza hivi. Siku ya kwanza, kabla hujagusa mtoto, muulize mama yake ni nani mwingine anaweza kumchukua, na mwambie amlete mtu huyo umwone kwa macho yako. Akija mwingine yeyote, hata akijua jina la mtoto, mkaribishe, mpe kiti, mpe chai, zungumza naye vizuri. Lakini mtoto mfunge mgongoni mwako, na usimfungue mpaka umwone mama yake akiingia getini.